Mjeda mstaafu na fomu ya ubunge

Masasi hapa, akitokea mjeda mstaafu aliyefungua duka la pembejeo akatangaza nia ya ubunge, hakosekani wa kusema: "Huyo si alikula kiapo? Mwanajeshi haruhusiwi siasa." Maneno hayo nimeyasikia kwenye vibanda vya kahawa mpaka Nachingwea, tena kwa watu wazima na akili zao.

Katiba, ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, ingawa kupiga kura anaruhusiwa. Lakini mwanajeshi anayetajwa hapo ni aliye kazini: jeshi la ulinzi, polisi, magereza, JKT. Ukistaafu, katazo linakwisha, unachukua kadi ya chama kama mkulima yeyote wa korosho.

Enzi za chama kimoja hata hilo halikuwepo. Jakaya Kikwete alikuwa ofisa wa jeshi huku akiwa katibu wa CCM wa wilaya, Nachingwea kisha Masasi, miaka ya 1980. Vyama vingi vilipoingia 1992 ikabidi achague. Akastaafu na cheo cha luteni kanali, akabaki kwenye siasa.

Kinachoweza kumkwamisha mstaafu wetu ni duka, wala si gwanda. Ibara ya 67 inamnyima sifa ya ubunge aliyetiwa hatiani mahakamani kwa kukwepa kodi ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi. Ukitaka kumchimba, kachimbe huko. Na awe na chama kilichompendekeza, maana mgombea binafsi Katiba haimtambui.