Je, wajua kwa nini Wahindu humzamisha Ganesh baada ya kumwabudu?

Ukiona kwa mara ya kwanza lazima ushangae. Watu wameiimbia sanamu siku kumi, wameivisha mashada ya maua na kuitengea vyakula vitamu. Siku ya mwisho wanaibeba kwa ngoma hadi baharini, wanaitosa, na wengine wanabubujikwa machozi. Imewakosea nini?

Haijawakosea chochote. Katika sikukuu ya Ganesh Chaturthi, mungu huyu mwenye kichwa cha tembo huja nyumbani kama mgeni, na mgeni ana siku yake ya kuondoka. Sanamu ya udongo ikinunuliwa sokoni bado ni udongo tu. Ni pale inapowekwa mahali pake na kusomewa mantra, yaani maneno matakatifu, za kuialika pumzi ya uhai ndipo Ganesh anahesabiwa kuwa amefika. Kuanzia hapo hahudumiwi kama pambo. Kuna nyumba anakokaa siku moja na nusu tu, nyingine tano au saba, na walio wengi hawapitishi kumi. (Wa siku moja na nusu anaondoka kabla hata hatujafikiria kumpa jembe!)

Udongo nao una sababu: Ganesh mwenyewe alifinyangwa. Simulizi moja maarufu inasema mungu wa kike Parvati, mke wa mungu Shiva, alimfinyanga mtoto kwa manjano aliyojisugua mwilini, akamweka mlangoni alinde wakati yeye anaoga. Shiva akarudi, mtoto asiyemjua akamzuia asiingie, na kwa hasira Shiva akamkata kichwa. Kilio cha Parvati kikamfanya amrudishie mtoto uhai kwa kichwa cha tembo. Mlinzi huyo wa mlango ndiye leo anayeombwa aondoe vikwazo kabla ya harusi, safari au duka jipya kufunguliwa.

Chakula chake kikuu ni modak: unga wa mchele uliokandwa kwa maji moto, ndani yake nazi iliyokunwa na sukari guru, ukafinywa mikunjo juu kama kitunguu saumu na kupikwa kwa mvuke. Hutengewa 21. Pamoja nayo huwekwa vijiti 21 vya nyasi ya durva, ambayo si nyingine ila ukoka, ule ule tunaoung'oa uani.

Zamani sikukuu hii ilikuwa zaidi ibada ya nyumbani. Mwaka 1893, Bal Gangadhar Tilak, mwanasiasa wa mji wa Pune, magharibi mwa India, aliyepinga utawala wa Waingereza, aliihimiza ifanyike hadharani. Serikali ya kikoloni iliitazama kwa jicho baya mikutano ya siasa, lakini kuzuia watu wasiabudu lilikuwa jambo gumu zaidi. Hivyo mahali pa ibada pakawa pia uwanja wa hotuba na nyimbo za kizalendo, na watu wa matabaka mbalimbali wakakutana hapo. Kwa maoni yangu huo ni ujanja wa hali ya juu. Leo Mumbai ina sanamu kubwa mno. Ile ya mtaa wa Lalbaug, iliyoanza mwaka 1934, hutoka asubuhi na msafara wake hufika ufuoni siku ya pili yake.

Ukubwa huo ulileta balaa lake. Mafundi wengi waliacha udongo wakatumia jasi, ambayo ni nyepesi na rahisi lakini haimumunyiki upesi, na rangi zake huchafua maji. Asubuhi ya pili ufuo ulijaa mikono na mikonga iliyovunjika. Mwaka 2020 bodi kuu ya India ya kudhibiti uchafuzi ilitoa mwongozo wa kukataza sanamu za jasi, ingawa ubishi haujaisha, na manispaa huchimba madimbwi maalumu ya kuzamishia.

Tarehe hufuata mwezi: ni siku ya nne tangu mwezi kuandama katika mwezi wa Bhadrapada wa kalenda ya Kihindu. Mwaka 2024 iliangukia Septemba 7, na 2025 Agosti 27.

Kabla ya kutoka, familia husali mara ya mwisho, kisha sanamu husogezwa kidogo tu pale ilipokaa. Hapo mgeni ameshanyanyuka. Kinachobebwa ni udongo unaorudi kwenye maji. Njiani huimba kwa Kimarathi, lugha ya huko Mumbai na Pune, "Ganpati Bappa Morya" (Ganpati ni Ganesh huyo huyo, na Bappa ni baba), wakimsihi arudi mapema mwakani. Wakishamzamisha, wengi hurudi nyumbani na kile kibao alichokalia, juu yake gao la mchanga wa ufuoni.