Hakuna matata ilisajiliwa, kikoi kikaponea. Kwa nini?

Kila hii stori ya Disney kusajili maneno hakuna matata ikirudi kwenye magrupu naanza kutumiwa meseji, eti wakili, sasa tukisema hakuna matata tutashtakiwa? Jamani hapana, semeni mpaka mchoke. Mimi kazi yangu ni hizi hizi alama za biashara, na alama haikupi umiliki wa neno zima, inakupa haki ya kulitumia peke yako kwa bidhaa ulizoziandika kwenye fomu, ndani ya nchi ulikosajili, basi. Disney waliomba Marekani 1994, mwaka ule ule filamu yao ya simba ilipotoka, wakasajiliwa 2003 kwa upande wa nguo. Anayebanwa ni yule anayetaka kuprinti tisheti akauze kule.

Hasira zilikuja 2018, petisheni ikazunguka mtandaoni, watu zaidi ya laki wakasaini. Sawa, lakini miaka 15 ilishapita! Kule ombi likishatangazwa una siku 30 za kuweka pingamizi, Kenya ni 60, na petisheni sio pingamizi, hata wasaini milioni.

Kikoi sasa. 2006 kampuni moja ya Uingereza ikaomba kusajili jina "Kikoy", na wao wanauza nini, vikoi! Safari hii watu waliwahi, shirika la Traidcraft la huko huko Uingereza likashirikiana na Wakenya na mawakili, wakapinga, na 2008 kampuni ikaondoa ombi lake. Ukiniuliza mimi hiyo kesi ilikua nyepesi, maana huwezi kuchukua jina la kawaida la bidhaa ukalifanya alama ya bidhaa hiyo hiyo, ni kama muuza chapati asajili "Chapati". Hakuna matata haikua na hiyo kinga, haielezi chochote kuhusu tisheti, kwahiyo kwa macho ya sheria inafaa kabisa kuwa alama. Inauma lakini ndivyo ilivyo.

Kwenye michoro ndio pagumu. Ile mistari ya pembeni ya kikoi na matamvua yake, au viboksi vya shuka la Kimasai, vina umri mkubwa na hakuna mtu mmoja anayejulikana kuvibuni, wakati hakimiliki inataka mtunzi na ina mwisho wake. Kampuni ya mitindo ya Louis Vuitton walipotoa nguo za mtindo wa shuka kwenye msimu wa 2012 njia ya kuwashtaki ilikua nyembamba sana. Kenya ilipitisha sheria ya maarifa ya jadi 2016, jamii inaweza kuwa mwenye haki, ila nguvu yake inaishia mpakani.

Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, walikua wajanja, jina lao walishalisajili wenyewe zamani, kwahiyo kampuni ya maduka ya nguo ya Urban Outfitters walipouza vitu vya "Navajo" wakashtakiwa 2012 na 2016 wakakubali kumalizana nje ya mahakama.

Wamasai angalau wanajulikana ni nani, wana taasisi yao inayodai malipo kwa kampuni zinazotumia jina. Kikoi je, aende nani kukiandikisha, Lamu, Mombasa au Unguja? Na Wabenadiri wa Somalia nao wamefuma nguo za aina hii karne na karne, ukiwaacha nje watakuja na pingamizi lao, na kusema kweli watakua na hoja.