Stesheni za Metro ya Dubai Hubadilishwa Majina: Ijue Njia Kabla Hujapanda

Dawati letu, linalowaandaa wafanyakazi wanaokwenda nchi za Ghuba, limekuwa likipokea lalamiko la aina moja kila mara. Mtu ameelekezwa na ndugu yake ashuke stesheni fulani, kashuka, kajikuta yuko mbali kabisa na alikokuwa akienda, na huku mwajiri anamsubiri. Wengine hudai wamedanganywa. Hawakudanganywa; walipewa maelekezo ya zamani. Metro ya Dubai ina historia yake, na asiyeijua hupotea hata kama ana ramani mkononi.

Njia Nyekundu, ya kwanza ya metro hii, ilizinduliwa tarehe 9 Septemba 2009, saa tatu na dakika tisa usiku. Kwa kuanzia zilifunguliwa stesheni 10 tu kati ya 29, nyingine zikafuata kwa awamu. Miaka miwili kamili baadaye, 9 Septemba 2011, ikazinduliwa Njia ya Kijani inayopita Deira na Bur Dubai, kwenye mitaa ya biashara ya tangu zamani. Mwaka 2014 ikarefushwa hadi stesheni ya Creek. Njia hizi mbili hukutana stesheni za Union na BurJuman, na hapo unabadilisha treni bila kutoka nje ya mageti. Tafadhali msitafute handaki kila mahali: metro hii iko chini ya ardhi hasa katikati ya mji, kwingine aghalabu inapita juu ya nguzo.

Sasa tuje kwenye majina. Tangu mwaka 2008, kabla hata treni ya kwanza haijabeba abiria, Dubai ilianza kuuza haki ya kuzipa stesheni majina. Kampuni inalipa, jina lake linawekwa kwa muda wa mkataba. Mkataba ukiisha, jina linaondolewa. Ndiyo maana Rashidiya leo ni Centrepoint, na Al Jafiliya tangu 2023 ni Max Fashion. Iliyokuwa Noor Bank ikawa Al Safa, na mwaka 2022 ikaitwa Onpassive.

Linalowaponza wengi ni jina la Sharaf DG. Zamani jina hilo lilikuwa la stesheni ya Njia Nyekundu, ile inayofuata baada ya Mall of the Emirates. Stesheni hiyo ikaja kuitwa Mashreq, na jina la Sharaf DG likahamia Njia ya Kijani, kwenye stesheni iliyokuwa ikiitwa Al Fahidi, huko Bur Dubai. Kwa hiyo shangazi aliyefanya kazi Dubai mwaka 2015 akikwambia "shuka Sharaf DG", anakupeleka mahali pasipo na jina hilo tena. Muulize rangi ya njia, na stesheni ya kabla na ya baada. Akikosa kukumbuka, mwombe mwajiri akutumie ramani ya sasa. Hilo si usumbufu kwa mwajiri, na msione haya kuliomba.

Njia Nyekundu ina jambo jingine. Tangu Januari 2021 inagawanyika kwenye stesheni iliyokuwa ikiitwa Jebel Ali, sasa National Paints, tawi moja likielekea eneo la maonyesho ya Expo. Soma ubao wa jukwaani kuona mwisho wa treni kabla hujaingia. Treni hazina dereva wa kumuuliza.

Kuhusu malipo: hulipi ndani ya treni. Unanunua kadi ya nauli iitwayo Nol, na wengi hutumia ile ya rangi ya fedha (Silver), ambayo ni dirhamu 25 pamoja na salio la 19. Unaigusisha getini unapoingia, unaigusisha tena unapotoka. Nauli huhesabiwa kwa kanda: dirhamu 3 ndani ya kanda moja, 5 kwa kanda mbili zinazopakana, 7.5 zaidi ya hapo. Ukisafiri bila kulipa, faini ni dirhamu 200. Kutumia kadi iliyotolewa kwa jina la mtu mwingine ni 200 vilevile, hata awe mumeo au dada yako, hata akiwa amekuruhusu. Kula, kunywa au kutafuna ubani wa kutafunwa: 100. Kuvuta sigara: 200. Kubonyeza kitufe cha dharura bila dharura: 2,000. Tunashauri msomaji ahakiki viwango hivi kwa mamlaka ya usafiri ya Dubai kabla ya safari, kwani vinaweza kurekebishwa.

Kina baba na vijana wa kiume, someni hapa mara mbili. Kuna sehemu ya treni iliyotengwa kwa wanawake na watoto. Imechorwa mstari wa waridi sakafuni, na alama hizo zipo jukwaani pia. Mwanamume akivuka mstari huo, hata kwa kusimama tu kwa sababu kwingine kumejaa, faini ni dirhamu 100. Tumeambiwa mara nyingi mno kwamba "sikuona" au "treni ilikuwa ikiondoka". Mkaguzi hapokei sababu hizo, nasi hatuna namna ya kumtetea mtu aliyevuka mstari unaoonekana. Ukiingia mlango usio wako, tembea ndani kwa ndani hadi behewa la kawaida, mara moja.

Njia ya tatu, ya Bluu, yenye urefu wa kilomita 30 na stesheni 14, imepangwa kuzinduliwa 9 Septemba 2029. Itaungana na Nyekundu pale Centrepoint na Kijani pale Creek. Anayesaini mkataba wa kazi unaovuka tarehe hiyo achukue ramani mpya itakapotolewa, na aliyeko huko tayari amtumie nakala ndugu anayemfuata.