Askari mstaafu na shabaha: pima macho na masikio kabla ya kupokea bunduki ya lindo

Kila mwaka msimu wa korosho unapokaribia, vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima (AMCOS) na kampuni za ulinzi huku Mtwara na Lindi huanza kutafuta walinzi wa maghala. Jina la kwanza kutajwa mara nyingi huwa la askari mstaafu. Watu husema yule mzee alikuwa jeshini, bunduki anaijua, apewe lindo. Ni kweli mafunzo ya jeshi hayafutiki kirahisi. Lakini wazee hao hao ndio tunaowapokea katika kitengo cha macho, na tunayoyaona tukiwapima yanatulazimu tuseme wazi kwamba mtu asikabidhiwe silaha kwa jinsi alivyolenga akiwa na miaka 25. Akabidhiwe kwa jinsi anavyoona, anavyosikia na anavyolenga mwaka huu.

Kusini hii na jeshi wanajuana siku nyingi. Nachingwea ndiko wapiganaji wa FRELIMO walikofanyia mafunzo wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, vilivyoanza mwaka 1964. Naliendele wamelala askari wetu waliopoteza maisha Msumbiji. Wengine walitoka huku wakaenda kwenye vita vya Kagera mwaka 1978. Sasa fanya hesabu: kijana aliyeingia vitani mwaka huo akiwa na miaka 20 alizaliwa 1958, na leo ameshapita miaka 65. Mkao wa kulenga, kutuliza pumzi, kubana kifyatulio polepole bila kukivuta kwa pupa, yote hayo bado yamo mwilini mwake. Kilichobadilika ni lenzi iliyo ndani ya jicho lake.

Bunduki yenye vilengeo vya chuma inadai vitu vitatu vikae kwenye mstari mmoja: kilengeo cha nyuma, kilengeo cha mbele na shabaha yenyewe. Jicho la binadamu haliwezi kuviona vyote vitatu kwa ukali kwa wakati mmoja, kwa sababu kila kimoja kiko umbali wake. Ndiyo maana kruta hufundishwa kukaza jicho kwenye ncha ya kilengeo cha mbele na kuiacha shabaha ififie kidogo. Jicho la kijana hufanya kazi hiyo bila kuhisi, kwa kuwa lenzi yake ni laini na hubadilika umbo upesi. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi huanza kukakamaa, na mtu akifika 60 karibu haibadiliki tena. Ndiyo hali ile ile inayomfanya mtu anyooshe mkono ili asome ujumbe kwenye simu.

Dalili zake kwenye bunduki zinadanganya. Mzee anaiona shabaha ya mbali safi kabisa, anaweza hata kukutajia rangi ya kanga iliyoanikwa ng'ambo ya shamba, kwa hiyo anaamini macho yake ni mazima. Anachokosa ni ncha ya chuma iliyo mbele ya pua yake: inaota manyoya, au anaiona kama ziko mbili. Akilenga kwa ncha yenye ukungu, hana njia ya kujua kama imekaa katikati au imeegemea kando. Risasi zitatawanyika, naye atalaumu bunduki.

Hapo wengi hukimbilia miwani ya kusomea inayouzwa stendi. Hiyo imetengenezwa kwa umbali wa kitabu. Lenzi ya +2.50, kwa mfano, huonyesha vizuri kitu kilicho sentimita 40 kutoka jichoni. Ncha ya bastola, mikono ikiwa imenyooshwa, iko karibu sentimita 65. Umbali huo unadai lenzi ya +1.50 hivi kwa mtu ambaye macho yake ya mbali hayana kasoro na lenzi yake ya ndani imekwisha kukakamaa, na mara nyingi tunashuka chini kidogo ya hapo ili shabaha nayo isipotee. Kwa bunduki ndefu kipimo ni kingine tena. Miwani yenye sehemu mbili, juu ya mbali na chini ya karibu, nayo ina tatizo lake: ili aione ncha, mlengaji analazimika kuinua kidevu, shavu linaachana na kitako, na mkao wote aliofundishwa unavunjika. Miwani ya kulengea hupimwa kwa kazi hiyo, na huwekwa hasa kwa lile jicho linalolenga.

Jicho linalolenga lenyewe si la kuchukulia hivi hivi. Karibu kila mtu ana jicho moja linaloongoza. Unganisha viganja viwili uache tundu dogo katikati, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha funga jicho moja baada ya lingine. Jicho linalobaki na kile kitu ndilo kiongozi. Sasa, mtoto wa jicho akianza kwenye jicho hilo, ubongo unaweza kuhamishia uongozi kwenye jicho la pili taratibu bila mwenyewe kutambua. Mlengaji wa miaka mingi anaanza kukosea upande ule ule kila mara. Anayepatwa na hali hiyo asibadilishe bunduki, aje apimwe. Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji wa muda mfupi, na lenzi bandia inayowekwa mara nyingi huchaguliwa kwa ajili ya kuona mbali, kwa hiyo mgonjwa aseme mapema kama kazi yake ni ulinzi.

Presha ya macho ndiyo inayonitia hofu zaidi. Huwapata watu weusi mapema na kwa ukali kuliko wengine, haiumi, na huanza kula pembeni ya uwezo wa kuona huku katikati pakibaki pazuri. Mtu wa namna hiyo anaweza kugonga katikati ya shabaha uwanjani, kisha usiku asimwone mtoto anayepita ubavuni mwa mtu anayemlenga. Kinachopotea kwa ugonjwa huu hakirudi, ila dawa zaweza kuuzuia au kuupunguza kasi. Wenye kisukari nao wapimwe nyuma ya jicho kila mwaka.

Na lindo ni kazi ya usiku. Mboni ya mzee haifunguki kama ya kijana, na lenzi yake imekuwa ya manjano, kiasi kwamba mwanga unaofika nyuma ya jicho la mtu wa miaka 60 ni karibu theluthi moja tu ya unaofika kwa mtu wa miaka 20. Juu ya hilo, jicho linahitaji takriban dakika 20 hadi 30 gizani kabla ya kuzoea kikamilifu. Mlinzi anayeangalia video kwenye simu kisha akainua kichwa aliposikia mchakacho, kwa dakika kadhaa ni kama amefunikwa uso. Hili linawahusu hata vijana, lakini mzee huchelewa zaidi kurudiwa na uwezo wake. Viongozi wa AMCOS wanaweza kusaidia kwa jambo dogo lisilo na gharama kubwa: taa za ghala zielekezwe nje, kwenye njia wanakotokea watu, zisimmulike mlinzi usoni. Mlinzi mwenyewe akae nyuma ya mwanga.

Watu wengi pia huchanganya bunduki na bunduki. Askari wa vyeo vya chini aliishi na SMG (bunduki ya aina ya AK-47) au SAR (bunduki ndefu inayotoa risasi moja moja kila ikifyatuliwa). Bastola kwa kawaida ilikuwa ya maofisa na askari wa kazi maalumu. Kwa hiyo mstaafu aliyekuwa mlengaji hodari wa SMG anaweza kuwa mgeni kabisa wa bastola, na tofauti si ndogo. Kwenye SMG vilengeo viwili vimeachana karibu sentimita 38. Kwenye bastola ya kawaida vimeachana sentimita 16 hivi. Ncha ikikaa vibaya kwa milimita moja tu, umbali wa mita 25, SMG itakosea kwa sentimita 6 na nusu, bastola itakosea kwa karibu sentimita 16. Ni kosa lile lile la jicho, lakini la kwanza bado lipo kifuani mwa mtu na la pili linaweza kuwa limempita na kwenda kwa jirani.

Ongeza mkono. SMG ina uzito wa kilo zaidi ya tatu, na inashikwa na mikono miwili, bega na shavu. Bastola nyingi hazifiki kilo moja na nusu, zinaning'inia mbele ya mikono, na kifyatulio chake chaweza kudai nguvu ya kilo mbili hadi tano. Yaani kidole kinavuta kwa nguvu kuliko uzito wa silaha yenyewe. Mkono wenye mtetemeko wa uzee, au kidole chenye baridi yabisi, utaisogeza ncha kabla risasi haijatoka. Hapa uzoefu wa SMG hausaidii sana. Mtu anahitaji kufundishwa upya, tena kwa unyenyekevu wa kruta, na najua hilo ni gumu kwa mzee aliyewahi kuwafundisha wengine.

Kampuni nyingi za ulinzi hutoa shotigani, yaani bunduki ya marisau, kwa imani kwamba haihitaji kulenga. Umbali wa ndani ya chumba, marisau yanakwenda kama donge moja lisilozidi sana ngumi. Yanatawanyika kadiri yanavyokwenda, kila mita moja kama sentimita mbili hadi tatu. Mlengaji mbaya atakosa akiwa karibu, na akiwa mbali atawapata watu asiowakusudia. Risasi ya SMG na ya bastola nazo zinaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja zikikosa. Nyumba za mitaa kama Magomeni pale Mtwara zimekaribiana, na ukuta wa udongo au bati si wa kutegemewa kuizuia risasi ya bunduki.

Nije kwenye masikio, ambayo wenzetu wa kitengo cha jirani wanayalilia kila siku. Mlio wa bunduki hufika desibeli 150 hadi 165. Kikomo kinachotajwa na wataalamu kwa mlio wa ghafla ni 140. Enzi za mafunzo ya wazee wetu wengi walilenga bila kinga, au na pamba, ambayo hupunguza kidogo sana. Kwa anayelenga kwa bega la kulia, sikio la kushoto ndilo huumia zaidi, kwa kuwa limeelekea mtutu huku la kulia likikingwa na kichwa. Uharibifu huanzia kwenye sauti nyembamba: s, f, sh, t, k. Irabu zinabaki. Ndiyo maana mzee hukwambia nasikia watu wanaongea ila sielewi wanasema nini, na usiku kukiwa kimya sikio linavuma peke yake.

Mfikirie huyo mlangoni mwa ghala saa nane usiku. Anatoa amri, "Simama! Nani wewe?" Anayekuja anajibu, "Ni sisi, tumefuata funguo." Kinachofika kwa mlinzi ni mvumo usio na maneno. Ustadi wote wa kulenga hauna kazi hapo. Kinachohitajika ni kumtambua mtu, na hilo ni la macho na masikio. Mimi naliweka hili juu ya kila kipimo cha uwanjani, na mwajiri anayempima mlinzi kwa kugonga shabaha mchana peke yake hajampima kwa kazi aliyomwajiri.

Kwa anayerudi uwanjani, vizibo vya masikio pamoja na vifuniko vya juu vivaliwe kwa pamoja, na miwani ya kukinga macho isiachwe, kwa sababu maganda ya risasi na gesi ya moto hurudi usoni. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, maana risasi ya bunduki ikifyatuliwa huacha vumbi la madini ya risasi (lead), na madini hayo ni sumu. Mazoezi yafanyike mahali palipoidhinishwa, chini ya mwalimu, mara kwa mara na si siku ya kuajiriwa tu. Ieleweke pia kwamba utumishi wa jeshi hautoi haki ya kubaki na silaha. Silaha ya jeshi hurudishwa jeshini, na anayetaka kumiliki yake, awe mstaafu au raia wa kawaida, hupitia Polisi kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Wastaafu mnaotarajia kuchukua lindo msimu huu, njooni kupimwa kabla maghala hayajafunguliwa mwezi wa kumi, ili kama miwani au dawa inahitajika, mpate wiki chache za kuizoea. Msije na silaha kliniki. Kabla ya kutoka, ukiwa kwa mwajiri na silaha ikiwa imehakikishwa haina risasi, shika mkao wako wa kulenga, kisha mwenzako aliyesimama ubavuni mwako, si mbele ya mtutu, apime kwa kamba kutoka kwenye kona ya jicho lako hadi usawa wa ncha ya kilengeo cha mbele. Funga fundo hapo, uje na hiyo kamba. Njoo pia na miwani yoyote unayotumia sasa, hata ile ya stendi, na majina ya dawa za presha au kisukari unazomeza.