Kompyuta haina hatia: kwa nini mkanda wa harusi unaruka

Juzi mteja mwingine alifika kwangu hapa Moshi mjini akiwa na mkanda wa VHS wa harusi ya wazazi wake, akalalamika kwamba amekwisha kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta, mara mbili lakini anapouhamishia mkanda kwenye kompyuta picha bado inaruka na sauti inachelewa nyuma ya midomo. Nilimjibu kwa upole, ingawa moyoni nilikuwa nimekwisha kuchoka: kunasa, yaani kuingiza kwenye kompyuta, picha ya PAL (mfumo wa televisheni uliotumika kwetu), yenye mistari 576 na fremu 25 kwa sekunde, ni kazi ambayo hata kompyuta za miaka ya 2000 ziliimudu.

Ugonjwa upo kwenye deki na mkanda. Ngoma ya deki ya PAL, yaani mtungi unaobeba vichwa vya kusomea mkanda, huzunguka mara 1,500 kwa dakika, na kila kichwa husoma nusu ya fremu kinapopita. Mkanda ukiwa umevutika, au roli la mpira likiwa limekakamaa, mistari hufika mapema kidogo au huchelewa kidogo. Televisheni ya chogo ilivumilia kuyumba huko. Kifaa cha kunasa hakina subira hiyo, kwani husubiri ishara ya mwanzo wa fremu kwa wakati wake, na isipofika huitupa fremu nzima. Sauti isiyotupwa hubaki na urefu wake wote, ndipo mdomo wa bibi harusi unapoachana na kiapo chake. Kinachohitajika ni kirekebisha muda, yaani kifaa kinachohifadhi mistari kwa kitambo na kuitoa kwa mwendo sawa. Baadhi ya deki nzuri na kamera za Digital8 (kamera za video za kanda za kidijitali) zinacho ndani.

Unaponasa kwa DV, aina ya faili la video lililo kubwa, na faili likakatika karibu na dakika ya 19, huenda diski yako imepangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, ambao haikubali faili linalozidi GB 4. Hamisha vilivyomo, uipange upya kwa NTFS, mfumo usio na kikomo hicho.

Mistari inayochezacheza chini kabisa ya picha si kasoro: hapo deki hubadilisha kichwa, na televisheni ya chogo iliificha nyuma ya ukingo wake. Ikate wakati wa kuhariri, wala usinipigie simu usiku.

Kichwa husafishwa kwa ngozi laini iliyoloweshwa spiriti, kamwe si kwa pamba ya masikio, kwa kuwa nyuzi zake hunasa na kukivunja. Ukiona unga mweupe ukingoni mwa mkanda uliolala kabatini masika kadhaa, hiyo ni kuvu. Usiuingize kwenye deki, la sivyo utaiambukiza mikanda mingine.

Nakiri kwamba mara kadhaa nimesafisha, nimebadilisha waya, nimefuata kila utaratibu, na mkanda ukakataa. Kisha nikauweka kwenye deki yangu kuukuu, ya bei ndogo kuliko zote, ukacheza bila kuruka. Nadhani vichwa vyake vimekaa mkao sawa na vya deki iliyorekodi, lakini hiyo ni dhana ya fundi, si kipimo. Mkanda wa mteja wa juzi nao ulitulia kwenye deki hiyo hiyo. RAM aliyonunua bado anaitafutia kazi.