Mbio Zimefutwa, Sasa Nini? Kuchagua na Kujiandaa Upya kwa Mbio Ndefu za Baiskeli za Milimani

Mbio ndefu zikifutwa, waendeshaji wengi wa hapa Mombasa hufanya moja kati ya mawili: huegemeza baiskeli ukutani hadi tangazo jingine litoke, au hujiandikisha upesi kwenye mbio za kwanza wanazoziona. Yote mawili yana gharama. Aliyekaa hupoteza nguvu za miguu, na aliyekimbilia hujikuta kwenye njia asiyoifanyia mazoezi. Ushauri wangu ni kuyafunga maandalizi kwenye aina ya njia badala ya tarehe moja. Chagua mbio mbili zinazokaribiana kwa umbali, kwa mita za kupanda na kwa udongo, ziachane wiki sita hadi kumi. Moja ikifutwa, huanzi upya.

Usitegemee ukubwa wa jina. Cape Epic ya Afrika Kusini, siku nane za timu za watu wawili, ilifutwa Machi 2020 siku chache kabla ya kuanza kwa sababu ya korona, na ya 2021 ikasogezwa hadi Oktoba. Kinachokulinda ni masharti ya usajili, nayo huyasoma wachache mno. Kabla ya kulipa, hakikisha unajua kama pesa hurudishwa zote, nusu, au huhamia mwaka unaofuata. Kama zikiahirishwa unaruhusiwa kuikataa tarehe mpya. Kama unaweza kumpa mwenzako nafasi yako, na hadi siku gani. Swali ambalo husahaulika ni hili: njia ikifupishwa kwa ajili ya mvua, je, mbio huhesabiwa zimefanyika? Mara nyingi jibu ni ndiyo, na huwezi kudai chochote. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa pamoja na picha ya masharti kama yalivyokuwa siku uliyolipa, maana masharti hubadilishwa. Malazi na usafiri visivyorudishiwa pesa viache hadi wiki tatu za mwisho, hata kama bei itapanda kidogo.

Kisha tazama kalenda ya mvua, ya kule kwenye mbio na ya huku. Bara, masika huwa Machi hadi Mei na vuli Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo Januari, Februari na Juni hadi Septemba ndiyo miezi yenye hatari ndogo. Lakini masika ya Pwani huchelewa kwisha. Ukichagua mbio za Juni kama Migration Gravel Race ya kule Maasai Mara, siku nne na takriban kilomita 650, wiki zako ngumu zitaangukia Mei, mwezi ambao Mombasa hupata mvua kuliko mwezi mwingine wowote. Inawezekana, ila uwe na mashine ya mazoezi ya ndani au uwe tayari kulowa. Pia elewa kwamba hizo ni mbio za barabara za changarawe, si za njia nyembamba za mlimani. Anayetaka mlima wenyewe atazame 10to4, inayofanyika kwenye miteremko ya Mlima Kenya na kuchangisha pesa za Mount Kenya Trust. Tarehe zinazozunguka uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 mimi singeziweka kwenye mpango wowote.

Hesabu ya muda wa mwisho

Hapa ndipo wengi wa Pwani hukosea. Mtu huona mbio za kilomita 100 zinazotakiwa kumalizwa ndani ya saa 9, anagawanya, anapata kilomita 11 kwa saa, anatulia. Hesabu hiyo haimwambii kitu. Tuchukue njia hiyo iwe na mita 2,200 za kupanda. Mwendeshaji wa kawaida mwenye mazoezi hupanda karibu mita 500 kwa saa, kwa hiyo kupanda peke yake kutamchukua saa 4 na dakika 24. Mwinamo wa wastani ukiwa asilimia 8, hizo mita 2,200 zimemeza kilomita 27 na nusu tu. Zimebaki kilomita 72 na nusu na saa 4 na dakika 36. Toa nusu saa ya kujaza maji, kula na kuziba tairi, inabaki takriban saa 4 na dakika 6. Yaani kila mahali pasipo mlima unatakiwa kwenda karibu kilomita 18 kwa saa, na sehemu kubwa ya hapo ni mteremko wa mawe ambao huwezi kuuachia.

Fanya hesabu hiyo kwa mwendo wako mwenyewe wa kupanda kabla ya kulipa. Ili uupate, nenda Kombani, panda barabara hadi Kwale, mji ulio karibu mita 400 juu ya bahari, kwa nguvu unazoweza kuzidumisha saa nzima. Rudia kupanda mara nne na uandike muda wa kila mara. Utakuwa umekusanya takriban mita elfu moja, na upandaji wa nne ndio wa kuamini, si wa kwanza. Ukiwa polepole kuliko mita 400 kwa saa, tafuta mbio zenye chini ya mita 15 za kupanda kwa kila kilomita. Mbio za timu zina hesabu yao pia: kwenye Cape Epic wenzi wawili hawaruhusiwi kuachana zaidi ya dakika mbili, kwa hiyo mwendo wa timu ni wa yule aliye polepole.

Mwinuko nao una sehemu yake. Ukitoka usawa wa bahari ukaenda Nanyuki, ulio karibu mita 1,950, nguvu unazoweza kuzidumisha hupungua, na hupungua zaidi kadiri unavyopanda mlima. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kuzoea kiasi cha kufaa. Asiye na siku hizo afike jioni ya kuamkia mbio, kwa sababu siku ya pili hadi ya nne ndizo ambazo usingizi huwa mbaya na kichwa kuuma. Mazoea yetu ya joto na unyevu yanatusaidia, damu huwa na maji zaidi, ila faida hiyo haifuti pengo la hewa nyepesi. Punguza kasi ya kupanda kwa asilimia 10 katika saa ya kwanza.

Tangazo limetoka: uko wiki ya ngapi?

Jibu la kufutwa hutegemea ulipofika. Ukiwa bado na wiki nane au zaidi, karibu hakuna kilichopotea. Endelea na saa zako za wiki, ondoa tu mazoezi makali hadi upate tarehe mpya.

Ukiwa ndani ya wiki tatu za mwisho, miguu iko tayari na haitabaki hivyo. Kilele hicho hudumu wiki mbili, tatu ukibahatika. Kitumie. Wikendi ileile ya mbio, panga njia yako yenye saa zilezile, kula kifungua kinywa kilekile, beba vifaa vilevile, mwambie mtu akusubiri na maji katikati ya safari. Taita ndipo mahali pazuri zaidi kwa hili ukitokea Mombasa: kutoka Mwatate kupanda kona hadi Wundanyi, ulio takriban mita 1,400 juu ya bahari, kisha njia za udongo za kuelekea Vuria, kilele kinachopita mita 2,200. Utajua kila kitu ambacho mbio zingekufundisha kuhusu chakula, mikono na breki. Baada ya hapo, siku tano hadi saba za kuendesha kidogo tu.

Zikiahirishwa kwa wiki nne hadi sita, kosa ni kujaribu kubaki kwenye kilele hadi siku hiyo. Chukua wiki moja ya nusu ya saa zako, kisha wiki mbili au tatu ngumu, kisha siku kumi za kupunguza: saa zishuke kwa asilimia 40 hadi 60, lakini vipande vichache vya kasi vibaki. Ukiondoa kasi yote, miguu hulala.

Na milima je, wakati huku ni tambarare? Upepo ndio mlima wetu. Wakati wa kusi, elekea Diani. Wakati wa kaskazi, elekea Kilifi, upepo ukukabili usoni. Weka gia nzito, miguu izunguke mara 55 hadi 65 kwa dakika, umekaa kitini, vipande vinne vya dakika 12 na mapumziko ya dakika 5. Mara moja kwa wiki inatosha, mara mbili magoti yatalalamika. Kwa mbio za siku kadhaa, Jumamosi endesha kwa muda wa saa 4 hadi 5 na Jumapili kwa muda wa saa 3 hadi 4. Ile ya Jumapili ndiyo yenye kazi. Upepo haufundishi kushuka, kwa hiyo Kwale na Taita haziepukiki. Ufukweni maji yakitoka ni mazoezi makali ya miguu, lakini nenda na baiskeli ya mtumba usiyoionea uchungu, kwa kuwa chumvi huingia kwenye beringi na haitoki kwa kufuta.

Baiskeli iliyongojea si baiskeli iliyo tayari

Baiskeli iliyotengenezwa kwa mbio zilizofutwa, ikakaa miezi mitatu Mombasa, inahitaji kazi tena. Silanti, yaani majimaji ya kuziba matundu ndani ya tairi zisizo na tyubu, hukauka ndani ya miezi miwili kwa joto letu. Fungua upande mmoja wa tairi, toa utando uliokauka, jaza mililita 90 hadi 120 kwa tairi la inchi 29. Safisha na kiini cha vali, maana ndicho huziba. Spoki: vikazio vidogo vya alumini vinavyozishika kwenye rimu huliwa na chumvi hadi vikapasuka siku ya mzigo, kwa hiyo kimoja kikivunjika chenyewe, kagua vyote. Nguzo ya kiti itoe, futa, paka grisi, rudisha. Ikigandana na fremu hutaitoa tena bila msumeno. Breki zinazotumia oili ya DOT hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo badilisha oili hiyo kila mwaka. Za oili ya madini hazina tatizo hilo, ila nazo hutaka kutolewa hewa lever ikilegea.

Cheni ipime kwa kipimo. Ya gia 12 ikifika asilimia 0.5 ya kurefuka, badilisha. Ukiiacha itakula kaseti, yaani meno ya gia za nyuma, na bei ya kaseti unaijua. Usianze mbio na cheni mpya juu ya kaseti iliyochakaa, kwa sababu itaruka meno kwenye mlima wa kwanza. Pedi za breki: kwa kavu, za resini hushika vizuri na kimya, kwa tope na mchanga zinaweza kwisha kwa siku moja, kwa hiyo weka za chuma na ubebe jozi ya akiba. Zizoeshe kwanza kwa kufunga breki mara 20 kutoka kasi ya wastani bila kusimama kabisa.

Laikipia na Mara zina udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hunata kwenye tairi hadi gurudumu linakwama ndani ya foku. Hapo usikanyage kwa nguvu. Direla, kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kati ya gia, ndiyo huvutwa ikapinda na kuingia kwenye spoki, na mbio zako zimekwisha. Shuka, tumia kijiti, sukuma pembeni penye nyasi. Tairi la inchi 2.25 huacha nafasi zaidi kuliko la 2.4. Kishikio cha direla cha akiba, kinachofanana kabisa na cha fremu yako, beba wewe mwenyewe, kwani kila fremu ina chake.

Kwa kunywa, jipime: uzito kabla na baada ya saa moja ya kuendesha, jumlisha maji uliyokunywa, kila kilo iliyopungua ni lita ya jasho. Halafu kumbuka bara kuna baridi na jasho ni kidogo, hivyo usinywe kwa kipimo cha Mombasa, kwa sababu maji mengi bila chumvi ni hatari. Chupa ya mililita 750 itie vijiko vitano vya mezani vya sukari, karibu gramu 60, robo kijiko cha chai cha chumvi, na limau. Madafu ni mazuri baada ya safari, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Hayatoshi peke yake. Koti jepesi na glavu za vidole vizima si anasa.

Unapopakia, toa magurudumu na uweke kipande cha kadibodi iliyokunjwa kati ya pedi za breki, la sivyo mtu akigusa lever pistoni zitatoka na rota haitaingia. Direla ifungue uifunge ndani ya fremu. Tairi zipunguze upepo bila kuzimaliza. Ukifika, pima upya hewa ya tairi na ya foku, maana mwinuko na baridi hubadilisha kipimo: kwa mwendeshaji wa kilo 75 na tairi la 2.35 lisilo na tyubu, mbele 20 hadi 22 psi, nyuma 22 hadi 25. Kaza boliti zote kwa ufunguo wenye kipimo, na uendeshe nusu saa jioni hiyo ukibadilisha gia zote, moja baada ya nyingine, ukiwa kwenye kilima.