Mkwaju wa kinyume hauokoi jina la faili kila mahali

Vijana wengi wa Lubumbashi wanaojifunza Python, lugha ya kuandikia programu, wanaamini kwamba ukitanguliza mkwaju wa kinyume (\) mbele ya alama maalumu ya jina la faili (kama *, ? au [), umemaliza kazi. Kwenye Bash, programu ya kuipa kompyuta amri kwa maandishi, sawa. Kwenye moduli ya glob ya Python, inayotafuta faili kwa mfano wa jina, hapana: pale mkwaju huo ni herufi kama nyingine, na kwenye Windows ndio unaotenganisha folda.

Chukua muuzaji anayehifadhi bei zake kwa komini: bei[Katuba].csv, bei[Kampemba].csv. Faili ipo, unaiona kwa macho, lakini glob.glob("bei[Katuba].csv") inarudisha orodha tupu. Wala hakuna ujumbe wa kosa, na hilo ndilo linalochosha. Mabano ya mraba yanamaanisha "herufi moja tu kati ya hizi", kwa hiyo programu inatafuta beiK.csv, beia.csv, beit.csv na kadhalika.

Dawa yake ni kuifungia alama yenyewe ndani ya mabano: bei[[]Katuba].csv. Bano la kufunga liache lilivyo. Kinyota kinakuwa [*], alama ya kuuliza [?]. Tangu Python 3.4 ipo glob.escape(), inayokufanyia hayo yote. Itumie hasa kwa jina la folda linalotoka kwa mtumiaji, kisha kinyota chako, kinachomaanisha "herufi zozote", ukiache nje:

glob.glob(glob.escape(folda) + "/*.csv")

Ukikifungia nacho ndani ya glob.escape(), utakuwa unatafuta faili iitwayo *.csv, jina ambalo Windows hata haikubali.